Maonyo ya kompaila yanabadilika kila tunapobadili ngazi ya uboreshaji: yanawezaje kutengwa na ngazi hiyo?

fundi_wa_goba aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limeanza kutugawa kazini. Tuko wachache katika ofisi ndogo Sinza, na tunatengeneza kifaa cha kupima kina cha maji katika matangi ya nyumbani na kuwasha pampu maji ya bomba yanapofika, kwa sababu wateja wetu wengi wa Goba na Mbezi hupata maji kwa mgao na hawawezi kukesha wakiyasubiri.

Kifaa kinatumia maikrokontrola ya ARM yenye kumbukumbu ndogo, kwa hiyo programu inayoingia ndani yake hujengwa kwa GCC, kompaila yetu (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), na swichi ya -Os, ngazi ya uboreshaji inayobana nafasi. Mezani, kila mmoja wetu hujenga kwa -O0, yaani bila uboreshaji, kwa sababu katika ngazi hiyo dibaga, chombo cha kutafutia makosa, hufuata msimbo mstari kwa mstari bila kurukaruka. Swichi za maonyo ni zile zile pande zote mbili, yaani -Wall na -Wextra, isipokuwa kwenye seva ya kujengea tumeongeza -Werror ili onyo lolote lisimamishe kazi. Matokeo yake ni kwamba mtu anapandisha mabadiliko yake jioni yakiwa safi kabisa mezani, anapanda daladala, na kabla hajafika Ubungo seva imeshayakataa kwa onyo ambalo kompyuta yake haikuwahi kumwonyesha.

Mfano ulio wazi ni huu:

```c
int soma_kina(int kihisi)
{
    int kina;
    if (kihisi_kiko_hai(kihisi))
        kina = pima(kihisi);
    return kina;
}
```

Kwa -O0 kompaila iko kimya. Kwa -Os inasema kwamba huenda kigeu `kina` kinatumika kabla hakijapewa thamani, na inasema kweli. Hilo ningeweza kulivumilia kama ngazi ya juu ingekuwa inaona kila kitu, lakini tumekuta msimbo mwingine wenye kasoro ya namna ile ile ambao haukutolewa onyo mezani wala kwenye seva:

```c
int kikomo_cha_maji(int aina)
{
    int sm;
    if (aina == TANGI_KUBWA)
        sm = 180;
    return sm;
}
```

Kifaa kilichofungwa kwenye tangi dogo kilirudisha 180 kana kwamba tangi ni kubwa, na hakuna kompaila iliyotuambia lolote.

Maswali yangu ni haya. Je, ipo swichi ya kuifanya GCC itoe maonyo yale yale katika ngazi zote za uboreshaji? Na kama haipo, nyinyi mnapangaje kazi ili anachokiona mtu mezani kiwe ndicho kitakachoonwa na seva? Mwenzetu mmoja anataka -Werror iondolewe kabisa. Mwingine anataka sote tujenge kwa -Os hata mezani, na huyo, niseme tu, si mtu anayefungua dibaga mara kwa mara.

---

nasra_k alijibu:

Ndugu fundi_wa_goba, swichi hiyo haipo, na sababu ya kutokuwepo kwake ndiyo inayoeleza mambo yote mawili uliyoyaona.

GCC haitoi maonyo yake yote mahali pamoja. Yale yanayohusu aina za data, muundo wa sentensi za C na hoja za printf hutolewa na sehemu ya mbele ya kompaila, wakati msimbo bado unafanana na ulivyouandika. Maonyo kama -Wswitch, -Wsign-compare, -Wformat na -Wimplicit-fallthrough ni ya kundi hilo, na hayajali kama umeweka -O0 au -O3. Yale yanayohitaji kujua thamani inatoka wapi na inafika wapi ndani ya fanksheni hutolewa baadaye, msimbo ukiwa umeshageuzwa kuwa umbo la kati, na huko yanatumia matokeo ya kazi ambazo uboreshaji umeshazifanya. Mwongozo wa GCC wenyewe unasema kwamba -Wmaybe-uninitialized (ndilo onyo la mfano wako wa kwanza) inawezekana tu uboreshaji ukiwa umewashwa, na kwamba -Warray-bounds hufanya kazi vizuri zaidi pale -ftree-vrp (ufuatiliaji wa mipaka ya thamani) inapokuwa hai, jambo ambalo kwa kawaida huanzia -O2. Vivyo hivyo -Wnull-dereference imefungwa kwenye -fdelete-null-pointer-checks. Kwa -O0 hubaki ukaguzi wa yaliyo dhahiri tu, kama vile kigeu kinachosomwa bila kuwapo njia yoyote iliyokipa thamani kabla ya hapo.

Hilo ndilo jibu la mfano wako wa kwanza. Mfano wa pili una utamu zaidi, kwa sababu huko uboreshaji haukukosa kuona kasoro bali uliifuta. Ndani ya GCC kuna hatua inayosambaza thamani zisizobadilika. Inapofika kwenye `return sm`, inakuta kwamba thamani ya `sm` inaweza kuja kwa njia mbili: njia moja inaleta 180 na nyingine haileti kitu. Kwa kuwa kiwango cha C hakiahidi lolote kuhusu kigeu cha ndani ambacho hakijapewa thamani, hatua hiyo ina ruhusa ya kuichukulia njia tupu kuwa imeleta chochote kinachofaa, na kinachofaa kuliko vyote ni 180 hiyo hiyo. Ulinganisho wa `aina` unakosa maana na unaondolewa, kigeu chenyewe kinatoweka, na ukaguzi wa maonyo unaofuata nyuma haukuti tena kitu cha kulalamikia. Jenga kwa `-O1 -fdump-tree-optimized` kisha usome faili litakalotokea: utakuta fanksheni nzima imekuwa kurudisha 180 bila sharti lolote, na ndiyo maana tangi dogo lilipewa kikomo cha tangi kubwa. Katika orodha ya hitilafu za GCC jambo hili lina namba 18501, liliandikwa mwaka 2004, na lilibaki wazi kwa miaka mingi, si kwa uzembe bali kwa sababu kulitibu kunamaanisha ama kuzuia hatua yenye faida kubwa, ama kuongeza ukaguzi mwingine kamili kabla yake.

Kwa hiyo anayetaka sote mjenge kwa -Os hajatatua tatizo. Kupandisha ngazi kunaleta maonyo mapya na papo hapo kunaficha mengine.

Clang, kompaila nyingine ya C, ilichagua njia nyingine. Maonyo yake ya mtiririko hutolewa na sehemu ya mbele, ambayo hujichorea ramani ya matawi ya kila fanksheni moja kwa moja kutoka kwenye msimbo ulioandikwa, kabla uboreshaji wowote haujaugusa. Mifano yako yote miwili itatajwa na -Wsometimes-uninitialized, ambayo imo ndani ya -Wall, na itatajwa vile vile kwa -O0, kwa -Os, na hata kwa -fsyntax-only ambapo hakuna faili lolote linalozalishwa. Linganisha na GCC, ambayo kwa -fsyntax-only husimama kabla haijafika mahali pa kukagua mtiririko, kwa hiyo maonyo hayo huyapati kabisa. Huko Clang pia yapo machache yanayosubiri mwisho wa safari, kwa mfano -Wframe-larger-than, maana ukubwa wa steki haujulikani mpaka msimbo wa mashine upangwe.

Ushauri wangu ni kwamba mtenganishe kazi ya kuonya na kazi ya kuzalisha programu. Wekeni lengo la ujenzi linaloitwa, tuseme, `kagua`, ambalo halizalishi kitu bali linaita Clang kwa `--target=arm-none-eabi -fsyntax-only -Wall -Wextra -Werror` pamoja na vichwa vya maktaba vya vifaa vyenu vya ARM, na toleo la Clang liwe moja kwa mezani na kwenye seva. Onyo linalozuia mabadiliko kupita litoke hapo tu. GCC iendelee kujenga kwa -Os ikiwa na maonyo yake yote, lakini yale ya sehemu ya kati yaondolewe meno: `-Wno-error=maybe-uninitialized`, `-Wno-error=array-bounds` na `-Wno-error=stringop-overflow`. Yasomwe na mtu, yasifunge mlango. Vichwa vya watengenezaji wa maikrokontrola vipitisheni kwa -isystem badala ya -I, la sivyo mtazama katika maonyo ambayo si yenu.

Hamtakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Mwezi Mei 2020, katika maandalizi ya toleo 5.7 la kerneli ya Linux, Linus Torvalds alizima -Wmaybe-uninitialized katika ujenzi wa kawaida, na kabla ya hapo onyo hilo lilikuwa tayari limezimwa kwa wanaojenga kwa -Os kwa sababu ya wingi wa maonyo ya uongo. Ujenzi wenu ni wa -Os.

Jambo la mwisho linahusu uandishi wenyewe. Fanksheni kama `kikomo_cha_maji` haihitaji kigeu. Iandike hivi:

```c
int kikomo_cha_maji(int aina)
{
    if (aina == TANGI_KUBWA)
        return 180;
}
```

Kasoro ni ile ile, lakini sasa imehama kutoka kwenye swali gumu la kigeu kisicho na thamani kwenda kwenye swali jepesi la fanksheni inayofika mwisho bila kurudisha kitu. Hilo ni la -Wreturn-type, na GCC ikiwa na -Wall hulitaja katika ngazi zote, -O0 ikiwemo. Mahali pengi ambapo watu hutangaza kigeu juu na kukirudisha chini panaweza kuandikwa kwa namna hii.

---

mzee_rejista alijibu:

Vijana, mnazunguka mno. Kila kigeu kipewe sifuri pale pale kinapotangazwa, na maonyo haya yote yatakwisha katika kompaila yoyote na ngazi yoyote. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo ninavyofanya mpaka leo.

---

juma_biti alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli kwamba maonyo yatakwisha, ila kasoro itabaki na hakutakuwa na chombo chochote cha kuionyesha tena. Valgrind na kikagua kumbukumbu cha Clang hutafuta kumbukumbu ambayo haijaandikwa, na mkiandika sifuri kila mahali vitaona kila kitu kiko sawa. Zaidi ya hapo, katika kifaa cha ndugu yetu sifuri ni kipimo halali. Maana yake tangi limekauka. Kihisi kikifa, `soma_kina` itarudisha sifuri, na pampu itawashwa huku tangi likiwa limejaa mpaka mdomoni. Mwenye nyumba ataamka akute maji sebuleni.

Mtu akitaka kinga ya namna hiyo, kuna swichi ya -ftrivial-auto-var-init=pattern, ambayo Clang ilitangulia kuwa nayo na GCC ikaipata katika toleo la 12 la mwaka 2022. Inajaza vigeu vya ndani kwa mchoro usiofanana na kitu chochote cha kawaida. Katika GCC kila baiti huwa 0xFE, kwa hiyo kigeu cha int cha biti 32 husomeka -16843010, kina ambacho hakuna atakayekiamini. Na uzuri wake ni kwamba GCC huendelea kukihesabu kigeu hicho kuwa hakijapewa thamani, kwa hiyo maonyo hayazimwi.

Sasa nije kwa dada Nasra, ambaye maelezo yake nayakubali karibu yote. Nisichokikubali ni lile wazo kwamba maonyo yasiyotegemea uboreshaji ni bora moja kwa moja, na kwamba yale mengine yanatosha kusomwa tu na mtu. Tutazame hiki:

```c
static int pata_kina(int k, int *v)
{
    if (k < 0)
        return -1;
    *v = pima(k);
    return 0;
}

void sasisha(int k)
{
    int v;
    pata_kina(k, &v);
    onyesha(v);
}
```

Anayeandika `sasisha` hakutazama kama `pata_kina` imefaulu. Clang haitasema neno, kwa sababu anwani ya `v` ikishakabidhiwa kwa fanksheni nyingine, ukaguzi wake unachukulia kwamba huko kimepewa thamani. Isingefanya hivyo, kila mwito wa scanf ungeleta onyo. GCC kwa -O0 nayo haitasema neno. Lakini GCC kwa -O2 huipachika `pata_kina` ndani ya `sasisha`, pointa inatoweka, yanabaki matawi mawili yaliyo wazi, na onyo linatoka. Hii ni kasoro ya kweli, tena ya aina inayotokea sana katika msimbo wa vifaa, na imeonekana kwa sababu tu uboreshaji ulifanya kazi yake kwanza.

Hivyo maonyo ya uongo yanayoisumbua kerneli na onyo hili la kweli vinatoka kwenye chanzo kimoja. Java ilikata shauri kwa upande wa utabirikaji: sura ya 16 ya vipimo vya lugha hiyo imeandika kanuni za lini kigeu kimepewa thamani, kompaila zote zinazifuata, na msimbo usiozifuata haukubaliki hata kama binadamu anaona hauna shida. Kigeu ukikipa thamani ndani ya `if (a)` na kukisoma ndani ya `if (a)` nyingine chini yake, Java itakikataa, ingawa hakuna njia ya kukisoma kikiwa kitupu. Katika C hakuna aliyeandika kanuni hiyo, kwa hiyo kila kompaila inajitungia, na inayojua zaidi ndiyo isiyotabirika.

Ninachopendekeza ni kwamba lango la kuzuia mabadiliko liwe kama alivyosema dada Nasra, lakini maonyo ya GCC yasiachwe kuwa maandishi yanayopita kwenye skrini. Yahifadhiwe kama orodha, na seva ilinganishe orodha ya leo na ya tawi kuu. Onyo jipya limtumie ujumbe aliyeandika mabadiliko, bila kumzuia. Maonyo yanayoachwa yapite tu hayasomwi na mtu, na baada ya muda mfupi yanakuwa mengi mno kusomeka.

Na kwa mfano wangu wa juu, ipo dawa isiyotegemea ngazi yoyote: wekeni `__attribute__((warn_unused_result))` kwenye `pata_kina`. Kompaila zote mbili zitamwambia aliyepuuza jibu, kwa -O0 na kwa -Os sawasawa. Hapo mmeligeuza swali la mtiririko kuwa swali la tangazo la fanksheni, kama alivyofanya dada Nasra alipoliondoa kwenye kigeu akalipeleka kwenye return.

Nimalizie kwa jambo ambalo watu hulisahau. Kama mnatumia CMake, chombo cha kupangia ujenzi, tofauti kati ya meza na seva si ya ngazi ya uboreshaji peke yake. Ujenzi wa Debug huweka -g tu, ilhali Release huweka -O3 pamoja na -DNDEBUG, na MinSizeRel huweka -Os pamoja na -DNDEBUG. NDEBUG hufuta kila `assert`, yaani ukaguzi unaosimamisha programu sharti lisipotimia. Ile `default: assert(0);` mliyoiweka mwishoni mwa switch, ambayo mezani inaiambia kompaila kwamba njia hiyo haipitiki, kwenye seva haipo, na njia imefunguka. Hapo ndipo linapozaliwa onyo la kigeu kisicho na thamani, pamoja na maonyo ya vigeu visivyotumika ambavyo kazi yao ilikuwa ndani ya assert tu. Kabla ya kuilaumu -Os, jengeni mezani kwa -O0 -DNDEBUG muone kinachobadilika.

---

fundi_wa_goba aliandika:

Nawashukuru sana, na mzee_rejista pia namshukuru, ingawa kwa habari ya sifuri ameshindwa kwa hoja ya pampu.

Nimejaribu lengo la `kagua` leo. Mifano yote miwili imetajwa mezani kwa maneno yale yale ya kwenye seva, na katika faili la kusoma vihisi zimetokea sehemu nyingine ambazo hatukuzijua. Nilipata usumbufu mdogo wa Clang kulalamikia swichi za GCC isizozijua, nikaumaliza kwa -Wno-unknown-warning-option. Suala la NDEBUG nalo limethibitika: sehemu ya maonyo tuliyokuwa tukiyahesabu kuwa ya -Os yanatokea hata kwa -O0 ukiiweka.

Limebaki moja. Tuna programu ya kuigiza kifaa inayoendeshwa kwenye kompyuta zetu za Ubuntu, na humo kuna `read` (mwito wa kusoma data) ambayo jibu lake halitazamwi. Nikijenga kwa -O2, GCC inalalamika kwamba jibu limepuuzwa. Kwa -O0 inanyamaza. Kama warn_unused_result haitegemei ngazi, kwa nini hii inategemea? Tena hata nikitanguliza `(void)` mbele ya `read`, GCC haisikii.

---

nasra_k alijibu:

Hiyo haitoki kwenye kompaila, ndugu yangu, inatoka kwenye vichwa vya glibc, maktaba ya C ya Linux. Humo tangazo la `read` limebeba alama ambayo hugeuka kuwa warn_unused_result pale tu _FORTIFY_SOURCE, ulinzi wa ziada wa glibc, inapokuwa imewashwa, na _FORTIFY_SOURCE yenyewe haifanyi kazi bila uboreshaji. GCC inayokuja na Ubuntu huiwasha yenyewe mara tu unapoweka -O1 au zaidi. Kwa hiyo kwa -O0 tangazo linaloifikia kompaila halina alama hiyo kabisa. Fanksheni zenu wenyewe, mkiziwekea alama kwa mikono, hazina masharti hayo.

Kuhusu `(void)`, ndivyo GCC inavyoitafsiri alama hiyo: kugeuza jibu kuwa void hakuhesabiwi kuwa ni kulitazama. Clang hukubali. Kwa `read` ya kwenye programu ya kuigiza kifaa ningetazama jibu kweli, maana inaweza kurudisha baiti pungufu ya ulizoomba na mahesabu yako ya kina yakaendelea na mabaki ya kipimo kilichotangulia.

Na hoja ya juma_biti kuhusu kulinganisha orodha naipokea. Maonyo ya GCC yasizuie, lakini yawe na mwenyewe. Kitu cha kuangalia ni kwamba orodha hiyo itabadilika kila mtakapobadili toleo la GCC, si tu mtakapobadili msimbo. Toleo la 12 liliwasha ndani ya -O2 hatua ya kuunganisha mahesabu kadhaa kuwa moja, na watu ambao hawakugusa mstari hata mmoja waliona maonyo mapya ya -Wstringop-overflow na -Warray-bounds. Andikeni namba ya toleo ndani ya jina la faili la orodha, na mkihama toleo mtengeneze orodha mpya ya kuanzia siku hiyo hiyo, kabla mtu yeyote hajapandisha mabadiliko mengine.